Bastola ya pili au komeo la kwanza?

Leo tuzungumze juu ya jambo ambalo wanaume hulizungumza kwa kunong'ona na wanawake hulikesha wakiliwaza: usalama wa nyumba wakati wa usiku.

Barua iliyonisukuma kuandika haya ilitoka Kalamba, huko Makueni. Mwandishi wake ni mfanyabiashara mwenye mke na watoto wanne. Anayo bastola moja aliyopewa kibali kuimiliki, nayo hushinda kiunoni mwake dukani. Sasa anataka kununua ya pili, ya bei nafuu, iwe ya kukaa nyumbani ili mkewe awe na cha kujikingia yeye anapolala safarini. Anauliza achague ya aina gani. Mwishoni mwa barua ameongeza sentensi moja tu: mama watoto haitaki kabisa, na tangu neno hilo litajwe nyumbani hakuna raha.

Ndugu yangu, nitakujibu swali lako kwanza, kisha uniruhusu nikuulize langu.

Tuanze na sheria. Katika Kenya silaha za moto hutawaliwa na Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, na anayetoa vibali ni Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha za Moto. Kibali hutolewa kwa mtu aliyechunguzwa mwenendo wake, na hutaja silaha yenyewe na kiasi cha risasi anachoruhusiwa kuwa nacho. Kwa hiyo usidhani kwamba aliyepewa ruhusa ya bastola moja amefunguliwa mlango wa kununua nyingine apendavyo. Ya pili ina safari yake, na itakubidi ueleze kwa nini ile ya kwanza haikutoshi. Tena serikali haisahau. Mnamo Desemba 1918 haikuwako bodi wala kompyuta, lakini Desemba 2018 raia wote wenye bunduki waliamriwa wafike kukaguliwa upya katika muda wa siku 90, na kulikuwa na waliojiona wenye vibali halali ambao walilala macho wazi.

Lipo jambo zito zaidi. Kibali ni cha mtu, si cha nyumba. Bastola iliyoandikwa jina lako si ya mkeo, hata kama mmefunga ndoa mbele ya askofu. Ukimwachia aitumie wewe ukiwa Mombasa au Nairobi, umemtia yeye hatiani na wewe mwenyewe pia. Kama nia ni mama ajilinde, basi mama ndiye anayepaswa kuomba kibali, achunguzwe yeye, afundishwe yeye, na kwanza kabisa akubali yeye. Mwanamke asiyetaka kuigusa bastola hawezi kulindwa nayo. Mkono unaotetemeka hushindwa kufunga hata kifungo cha shati, seuze kulenga shabaha gizani.

Tuseme basi mmekubaliana na bodi imeridhika. Unachagua nini? Usianzie kwenye bei. Bastola ya bei ya chini inayokwama mara moja katika kumi ni mzigo wa chuma. Nunua kwa muuzaji mwenye leseni, hata ikiwa ni iliyokwisha kutumika, na uhakikishe fundi wa bunduki ameikagua. Ni busara itumie risasi za kipimo kile kile cha ile uliyo nayo, ili usije ukachanganya za huku na za kule usiku wa fazaa. Rivolva, yaani ile yenye gurudumu la kuzunguka, haina mambo mengi: haina magazini ya kukwama, na ni rahisi kuona kama ina risasi au haina. Kasoro yake ni kwamba hubeba risasi chache, na kifyatulio chake huwa kizito kwa kidole dhaifu. Ile ya magazini hubeba nyingi zaidi, lakini humdai mwenyewe mazoezi. Inaweza kubaki na risasi moja ndani ya chemba hata baada ya magazini kutolewa, na risasi hiyo moja iliyosahauliwa imezika watu wengi duniani.

Kisha piga hesabu yote. Bei ya bastola ni mwanzo tu. Kuna risasi za kujifunzia, kuna ada za kibali, kuna nauli za kwenda kwenye uwanja wa shabaha, na kuna kasha la chuma lililofungwa ukutani kwa misumari ya zege. Asiyeweza kununua kasha hana haki ya kununua bastola, kwa maana mtoto wa miaka sita anajua kila mahali unapoficha kitu. Chini ya godoro anapajua. Juu ya kabati anapajua. Ndani ya gunia la mbaazi ndiko anakocheza. Basi bastola iliyofungwa vizuri haipatikani upesi mlango unapovunjwa, na inayopatikana upesi haijafungwa vizuri. Hilo ni fumbo ambalo hakuna fundi aliyelifumbua kwa ukamilifu.

Wala usije ukashawishika na ile ya bei rahisi kupita zote, inayoletwa usiku na mtu asiyetaka kuandikiana risiti. Bunduki ya magendo huwa na historia. Huenda imekwisha kuua mahali, na siku itakapokamatwa kwako, historia yake yote itakuwa yako. Adhabu ya kumiliki silaha bila kibali ni kifungo cha miaka mingi, na watoto uliotaka kuwalinda watakua bila baba.

Nimekujibu. Sasa swali langu, bwana: mwizi anafuata nini nyumbani kwako?

Wakazi wa Kalamba wanajua msimu wa maembe ulivyo. Kiwanda cha matunda cha kaunti kiko hapo hapo, madalali nao huja na malori yao, na fedha huingia mikononi kwa mkupuo. Mwizi naye anaijua kalenda hiyo. Mwenye kuuza maembe mchana na kulala na noti chini ya mto amemwalika mgeni. Lakini tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 mtu hana sababu kubwa ya kulala na fedha taslimu. Ziweke benki, ziweke kwenye chama cha akiba na mikopo, ziweke kwenye simu yenye namba ya siri, kisha jambo hilo lijulikane sokoni: nyumbani kwa fulani hakuna kitu. Sifa hiyo haina gharama, nayo hulinda mchana na usiku.

Baada ya hapo utazame mlango. Nyumba nyingi zetu zina mlango mzuri wa mbele na mlango wa jikoni wa kusukumwa kwa bega. Mwizi hana haja ya kupita sebuleni. Weka mlango imara nyuma, fremu yake ishikwe na zege, na komeo mbili za ndani, moja juu na moja chini. Vyuma vya dirisha ni vyema, ila dirisha moja la chumba cha kulala liwe na vyuma vinavyofunguka kwa ndani, na ufunguo uning'inie mahali ambapo hata mtoto anapajua. Moto nao ni mwizi, na umewakuta wengi wamejifungia kwa vyuma vyao wenyewe. Taa ya sola ya kuwaka mtu anapopita ua haigharimu kama bastola, na mwovu hupenda giza kuliko anavyoogopa risasi.

Usimsahau mbwa. Simsemi yule wa kufungwa mnyororo mchana kutwa na kulishwa maganda, ila mbwa wawili wanaolishwa, wanaochanjwa kila mwaka dhidi ya kichaa cha mbwa, na wanaoachiwa usiku ndani ya ua. Kazi yao kubwa si kuuma. Kazi yao ni kukuamsha, na dakika mbili za kuamka mapema zina thamani kuliko risasi sita za kuchelewa.

Najua wazee watanicheka. Watasema Mkamba hafundishwi kuilinda nyumba, kwa kuwa alizaliwa na uta mkononi. Ni kweli. Mishale ya Wakamba, iliyopakwa sumu ya mti uitwao kivai, ilisifika nchi nzima, na sumu hiyo hushambulia moyo wenyewe. Lakini wazee wale wale hawakuiacha podo ikizagaa. Mishale ya sumu ilifungwa kwa ngozi, ikawekwa mbali na watoto. Basi anayetaja uta wa babu na autaje pamoja na uangalifu wa babu. Na ajue pia kwamba siku hizi kutembea na silaha hadharani pasipo sababu halali ni kosa.

Nami nitawakumbusha wazee kisa kimoja cha Kitui. Karne ya kumi na tisa hapakuwa na mtu maarufu Ukambani kuliko Kivoi, tajiri wa misafara ya pembe za ndovu, mwenye wafuasi na silaha. Ndiye aliyemkaribisha mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, aliyeuona Mlima Kenya kutoka Kitui mwaka 1849. Mwezi wa Agosti 1851 wawili hao walikuwa safarini kuelekea mto Tana, wakavamiwa na wanyang'anyi. Kivoi akauawa. Krapf alikuwa na bunduki. Alitoroka peke yake porini, na kwa kukosa kibuyu akajaza maji ya mto ndani ya mitutu ya bunduki ile, akaiziba kwa majani. Silaha yake ilimfaa kama chupa kuliko ilivyomfaa kama silaha. Wavamizi walipokuwa wengi na wafuasi walipotawanyika, bunduki haikumwokoa mwenyeji wake.

Wataalamu wa Marekani, nchi yenye bastola tele majumbani, wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1993 daktari Arthur Kellermann na wenzake walichapisha uchunguzi wao katika New England Journal of Medicine. Walikuta kwamba kuwa na bunduki nyumbani kuliambatana na hatari ya mtu kuuawa humo iliyokaribia mara tatu, na hatari hiyo ilitoka hasa kwa jamaa na watu wanaofahamiana. Wapo waliopinga hesabu zao, na mabishano hayo hayajesha. Lakini hata asiye daktari anajua kwamba ugomvi wa mume na mke, kijana aliyekata tamaa, na chupa ya pombe huingia nyumbani mara nyingi zaidi kuliko jambazi.

Na hata jambazi akija, sheria haikupi ruhusa ya kumfyatulia kila anayeruka ua. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinaturudisha kwenye misingi ya kujilinda kwa kadiri ya hatari iliyopo. Mtu anayekimbia na mbuzi wako mgongoni hakuhatarishi roho. Ukimpiga risasi ya kisogo utasimama kizimbani wewe, na mbuzi atakuwa kidhibiti.

Kinacholinda kijiji ni watu. Wakamba waliishi kwa utui, majirani waliosikiana sauti, na kwa mwethya wakachimba mabwawa na matuta pamoja. Mpango wa Nyumba Kumi, ulioanzishwa Kenya mwaka 2013 kwa kuiga Tanzania, haukuleta jipya kwa watu wa namna hiyo. Kaeni majirani kumi, mpeane namba za simu, mkubaliane juu ya ishara moja, filimbi au debe, na nani atoke na nani abaki na watoto. Mjue namba ya chifu na ya kituo cha polisi, na ile ya 999. Mama watoto akibaki peke yake, na alale akijua kwamba akipuliza filimbi mara tatu taa kumi zitawaka. Huo ndio ulinzi asioukataa, kwa kuwa hautamdai amuue mtu.

Sisemi kwamba hakuna anayestahili bastola. Wako wenzetu wa mashariki ya Kitui, kuelekea Tana River, ambako ukame huleta mapigano ya malisho na watu wenye bunduki kubwa, na kwao haya ni mambo ya serikali kuleta ulinzi wa kweli. Wala sikuambii uirudishe ile uliyo nayo. Nakushauri tu, kabla ya kununua ya pili, ufanye mambo matatu: toa fedha nyumbani, tengeneza mlango wa jikoni, kisha keti na mkeo umuulize anaogopa nini hasa usiku. Umsikilize mpaka amalize. Huenda akakuambia kwamba anachokiogopa si jambazi, bali ni safari zako zisizo na siku ya kurudi.

Baada ya hapo, kama bado mnaiona haja, nendeni wote wawili mkaulizie kibali. Lakini nadhani fedha zile zitakuwa zimekwisha kununua zege, komeo, na chakula cha mbwa, na nyumba itakuwa imelala.

Jumapili njema, na tuandikie.