Kuomba dawa ya uchungu si uvivu

Kuna neno ambalo akina mama wengi hulisikia wakiwa kwenye chumba cha kujifungulia: "Jikaze!" Muuguzi analisema, mama mkwe analirudia. Na ukiomba dawa, utasikia ati ulitaka njia ya mkato.

Kwani ukienda kung'olewa jino unaambiwa ujikaze? Unadungwa ganzi kwanza, na hakuna anayekuita mvivu.

Epidurali ni ganzi vilevile. Daktari wa nusukaputi anakudunga sehemu ya chini ya mgongo, anapitisha mrija mwembamba, na dawa inaingia kidogo kidogo. Kwa kawaida maumivu hupungua ndani ya dakika 20 hivi. Unabaki macho, unaongea, na wakati ukifika unasukuma mtoto mwenyewe.

Ina madhara? Ndiyo, na yasifichwe. Presha inaweza kushuka, miguu ikawa mizito, na muda wa kusukuma ukarefuka. Takriban mama mmoja kati ya 100 huumwa na kichwa vibaya baadaye. Walio na damu isiyoganda vizuri huenda wasidungwe kabisa. Lakini ile stori kwamba utaumwa na mgongo maisha yako yote haijathibitishwa na utafiti.

Mwaka 2018, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza epidurali kwa mama mwenye afya anayeomba kupunguziwa maumivu. Neno zito hapo ni "anayeomba". Anayetaka kuzaa bila dawa yuko sawa pia, na asichekwe.

Shida ni kwamba hapa kwetu, chaguo hili linafuata mfuko. Juni 2013 serikali iliondoa ada ya kujifungua katika hospitali za umma, na hiyo ilikuwa hatua kubwa. Lakini epidurali inahitaji mtaalamu wa kuidunga na mtu wa kumchunga mama muda wote, na wataalamu hao ni wachache, wengi wao wakiwa mijini. Kaunti ziwaajiri. Nafuu isiwe ya wenye pesa pekee.

Wewe uliye mjamzito, usingoje uchungu uanze. Uliza kliniki mapema: Dawa hii ipo? Hata usiku? Ni pesa ngapi? Na wewe baba mtarajiwa, andamana naye usikie majibu.

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Basi mwacheni anayeujua aamue.