Songea ina njia ya kurukia, ndege haina pa kulala

Uwanja wa ndege wa Songea, pale Ruhuwiko, umerefushiwa njia ya kurukia kutoka mita 1,625 hadi 1,740. Bombardier Q400 ya Air Tanzania, yenye viti 76, inatua, inashusha watu na kugeuza kurudi Dar es Salaam. Sisi wa Majengo, hapa Songea, tulishangilia, na ilistahili. Lakini katika mengi yaliyotangazwa kuhusu ukarabati ule, hanga, yaani jengo la kuhifadhia ndege, sikulisikia. Ukiuliza, jibu ni moja: mwekezaji akija atajenga. Jibu hilo ni la kukwepa, kwa sababu mwekezaji huyo tumemfungia mlango wenyewe.

Wapo wanaosema majengo marefu yanahatarisha ndege. Ni kweli, na ndiyo maana Kiambatisho cha 14 cha Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) kimeweka mteremko wa moja kwa saba: hanga la kimo cha mita 10 likae angalau mita 70 nje ya ukanda wa usalama wa njia. Hesabu imekwisha. Wengine wanasema Songea haina ndege za kutosha. Zitoke wapi, wakati hakuna mwenye akili atakayeacha Cessna yake inyeshewe masika nzima?

Kiini ni ardhi. Mfanyabiashara wa Majengo akimilikishwa kiwanja hupata hati ya miaka 33, 66 au 99, akaipeleka benki, akakopeshwa, akajenga. Mwenye ndege hana njia hiyo. Ardhi ya uwanja ni ya umma, chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania (TAA), na anachoweza kupata ni pango. Hanga ni vyuma, zege la kubeba uzito, mfumo wa kuzima moto wa mafuta. Fedha hiyo hairudi kwa miaka mitatu wala mitano. Pango likiwa fupi, tena la kukatishwa kwa notisi, benki hailitaki kama dhamana. Na mkataba ukiisha, jengo haling'oleki. Linabaki kwa mwenye ardhi. Nani ajenge kwa masharti hayo? Mnamwita mtu aweke mtaji wa miaka 30 juu ya karatasi ya mpangaji wa chumba, kisha mnamlaumu kwamba hakuja!

Uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, ulikua kwa sababu kampuni binafsi zilipata pa kuweka ndege zao tangu Florence Kerr Wilson aanzishe Wilson Airways mwaka 1929. Madaktari warukao wa AMREF, walioanza 1957, wanaruka kutoka hapo. Huku kwetu, mgonjwa mahututi wa Mbamba Bay au Tunduru akihitaji ndege leo, inaanza safari mbali, na barabara ya kutoka Songea hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900.

TAA ipime eneo la mahanga Ruhuwiko, itangaze ramani yake hadharani, na itoe pango la miaka isiyopungua 25 linaloweza kuwekwa rehani. Njia ya kurukia ilihitaji mabilioni. Hili linahitaji sahihi.