Usalama wa Umeme na Moto Katika Uchomeleaji wa Mitaani: Wito kwa Mafundi, Wateja na Majirani

Mashine ya kuchomelea vyuma huchukua umeme wa gridi, ambao ni volti 230 nchini Tanzania na 240 nchini Kenya, na kuugeuza kuwa umeme wa volti chache wenye mkondo mkubwa. Rodi ya milimita 2.5 hutumia takriban ampea 60 hadi 100, na ya milimita 3.2 huhitaji zaidi ya hapo. Rodi inapogusishwa chuma kisha ikainuliwa kidogo, umeme huruka katika mwanya huo na kutoa joto la maelfu ya nyuzi, wakati chuma chenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 1,500 hivi za Selsiasi. Kwa kazi hii hupatikana mageti, grili za madirisha, vitanda, matoroli na mabodi ya malori, kuanzia Gerezani jijini Dar es Salaam hadi Kamukunji jijini Nairobi. Sehemu kubwa yake hufanyika pembeni mwa barabara, kwenye fremu za kupanga au uani kwa mteja. Waya unaolisha mashine huwa umeungwa kwenye laini ya umeme inayotumiwa na nyumba kadhaa, na cheche hufika mlango wa jirani. Ndiyo maana usalama wa kazi hii hauwezi kuachwa mikononi mwa fundi peke yake. Mwenye fremu, mteja, jirani na serikali ya mtaa wana sehemu yao, na kila mmoja akingoja mwenzake aanze, wanaoumia ni vijana wanaojifunza kazi na watoto wanaocheza karibu.

Hatari ya kwanza iko kwenye umeme unaoingia. Mashine inayovuta ampea 30 au 40 haikutengenezewa plagi ya ampea 13, lakini mitaani huchomekwa humo, au ncha za waya hushindiliwa tupu kwenye soketi kwa kijiti. Waya mwembamba wa kuongezea urefu hupata moto, hasa ukiachwa umeviringishwa, kwa kuwa joto la mzunguko mmoja hukosa pa kutokea na kuupasha wa pili. Plastiki inalainika, nyaya mbili zinagusana, shoti inatokea. Hapo fyuzi au sakiti breka ingetakiwa kukata umeme. Ikiwa imebadilishwa kwa kipande cha waya wa shaba, hakuna kitakachokata mpaka kitu kiungue. Wapo pia wanaounga waya kabla ya mita. Wanaofanya hivyo huuona kama ujanja wa kukwepa bili, ila mashine huwa imeondolewa kila kinga iliyowekwa kati yake na nguzo. Taa za majirani zinapofifia kila fundi anapogusa chuma, hiyo ni dalili kwamba waya wa pamoja umezidiwa au kiungo fulani kimelegea, na kiungo kilicholegea huchemka polepole kwa miezi kabla ya kuwaka. Jirani anayeona dalili hiyo ana haki ya kuuliza, na ni vema aulize kabla ya wiki kupita.

Mashine nyingi za mitaani zimesukwa papo hapo na mafundi wenye kipaji kikubwa, kwa waya wa shaba na mabati ya transfoma kuukuu. Ubunifu huo unastahili heshima, na bei yake ndiyo iliyowafungulia vijana wengi kazi. Hata hivyo mashine isiyo na kasha, yenye viunganishi vya volti 230 vilivyo wazi kwa kidole cha mtoto, haifai kukaa barabarani hata siku moja. Tena kizio kati ya waya wa kuingiza na waya wa kutoa kikichakaa au kikiungua, volti 230 huvuka na kufika kwenye rodi anayoishika fundi. Kasha la chuma lililounganishwa na waya wa ardhini, pamoja na kupimwa kwa vizio na fundi umeme mwenye leseni, hugharimu kidogo kuliko geti moja. Leseni hizo hutolewa na mamlaka za nishati: EWURA kwa Tanzania na EPRA kwa Kenya.

Hata mashine nzima, yenye kasha na vizio vizuri, ina umeme unaoweza kuua upande wa kutoa. Karakana nyingi huamini kwamba upande huo hauna madhara kwa sababu volti zake ni chache. Kabla cheche haijawaka, mashine ya umeme wa AC inaweza kuwa na hadi volti 80, na huo ndio ukomo unaoruhusiwa na viwango vya kimataifa kwa kazi ya kawaida; kwa kazi ya mahali penye unyevu au palipozungukwa na chuma ukomo hushuka hadi volti 48. Ngozi kavu huzuia umeme vizuri. Ngozi iliyolowa jasho hushindwa, na mwili wote unaweza kubaki na ukinzani wa omu 1,000 tu. Volti 80 zikigawanywa kwa omu 1,000 hutoa miliampea 80, na mkondo wa kiasi hicho ukipita kifuani kwa sekunde chache unaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Swichi za kinga za majumbani huwekwa zikate umeme unapovuja miliampea 30, lakini hazimsaidii fundi hapa: transfoma hutenganisha pande mbili, kwa hiyo umeme unaovuja upande wa rodi hauonekani kabisa na swichi iliyo ukutani. Jambo hili halijulikani vya kutosha, na linawafanya hata waangalifu wajione salama wasipokuwa salama.

Wakati hatari zaidi ni wa kubadilisha rodi. Cheche imezimika, volti ziko juu kabisa, na mkono wenye glavu iliyolowa, au usio na glavu, unashika rodi mpya huku goti limeegemea chuma. Pwani, ambako jasho halikauki, na popote msimu wa masika unapoifanya ardhi kuwa tope, hali hiyo ni ya kila siku. Glavu kavu za ngozi, jozi ya pili ya kubadilisha mchana, viatu vyenye soli nzima ya mpira badala ya ndala, na ubao mkavu au mkeka wa mpira wa kusimamia hupunguza sana hatari. Zipo pia mashine ndogo za kisasa zenye kifaa kinachoshusha volti rodi inapokuwa haifanyi kazi. Fundi anayeingia ndani ya tangi au kulala chini ya lori asiingie na mashine isiyo nacho, wala asiingie bila mwenzake wa nje aliye karibu na swichi.

Waya wa marejeo, ambao mafundi huuita ethi, hupewa uzito mdogo kuliko unavyostahili. Klampu yake inatakiwa kubana chuma kisafi, karibu na kiungo kinachochomelewa. Fundi akiifunga mbali, kwa mfano kwenye nguzo ya ua ilhali anachomelea grili upande wa pili wa nyumba, ampea 100 hutafuta njia yoyote ya kurudi: nondo, bomba la maji, mabati ya paa, au waya mwembamba wa kutuliza umeme ardhini ndani ya nyumba ya mteja. Waya huo ukiungua hakuna taa itakayozimika kuashiria. Familia itaendelea kutumia pasi na jokofu bila kujua kwamba kinga yao imekwisha. Kwenye magari mkondo huo huo hupita kwenye beringi na vifaa vya elektroniki, na kwa hiyo betri hufunguliwa kwanza.

Moto una mwendo wake. Matone ya chuma kilichoyeyuka huruka, hudunda sakafuni na kupenya nyufa. Kiwango cha NFPA, shirika la Marekani la kuzuia moto, kinachofuatwa na viwanda vingi duniani, kinataka kila kinachoweza kuwaka kiondolewe au kifunikwe ndani ya mita 11 kuzunguka kazi, na mtu abaki kulinda kwa muda usiopungua saa moja baada ya kazi kwisha. Saa hiyo ina sababu. Tone likitua kwenye maranda, sponji ya kochi au pamba, linaweza kufukuta bila ndimi za moto hadi fundi amefunga vifaa na kuondoka. Joto pia husafiri ndani ya chuma: boriti ikichomelewa upande mmoja wa ukuta, dari ya mbao iliyoigusa upande wa pili huanza kuungua bila cheche hata moja kuonekana.

Majengo makubwa yameteketea hivyo. Tarehe 11 Aprili 1996 cheche za uchomeleaji kwenye barabara ya juu katika uwanja wa ndege wa Düsseldorf, Ujerumani, zilishika kizio cha joto cha povu kilichofichika darini, na watu 17 walikufa, wengi kwa moshi. Tarehe 15 Novemba 2010 jijini Shanghai, China, wachomeleaji wasio na leseni waliwasha nyavu za jukwaa la ujenzi kwenye jengo la ghorofa 28 wanamoishi watu; waliokufa ni 58. Afrika Mashariki mpangilio wa mitaa huongeza mzigo. Karakana ya vyuma hupakana na ya seremala yenye maranda, vanishi na thina, au na duka la magodoro, na mita 11 haziwezi kupatikana. Basi majirani hawana budi kupanga saa: uchomeleaji ufanyike wakati seremala hapulizi vanishi, thina ikiwa imefungiwa, na katikati paning'inizwe karatasi ya bati. Mpango wa namna hiyo haugharimu fedha, unahitaji kikao cha jioni moja.

Kazi moja inafaa ikataliwe na mitaa yote kwa sauti moja: kuchomelea pipa au tangi lililobeba petroli. Pipa linaloonekana tupu ndilo hatari zaidi, kwa kuwa mvuke wa petroli hulipuka ukiwa asilimia 1.4 hadi 7.6 hivi ya hewa, na kiasi hicho hupatikana pale mafuta yanapokuwa yamekwisha. Kuacha kifuniko wazi kwa siku mbili hakutoshi, maana mvuke huo ni mzito kuliko hewa na hukaa chini. Mabaki ya dizeli nayo hutoa mvuke yakipashwa moto. Usafishaji wa kweli una vifaa na vipimo vyake ambavyo fremu ya mtaani haina. Mteja anayebembeleza, akiongeza na fedha, aambiwe hapana, na majirani wamuunge mkono fundi aliyesema hapana, kwa sababu amekosa kipato cha siku kwa ajili yao.

Sheria zipo: ya usalama na afya mahali pa kazi ya mwaka 2003 Tanzania, na ya mwaka 2007 Kenya. Wakaguzi hawawezi kufika kila uchochoro, kwa hiyo mengi hutegemea makubaliano ya mtaa. Mwenye fremu aweke laini ya mashine yenye sakiti breka yake na waya wa ardhini kabla ya kupangisha, na gharama iingie kwenye kodi. Fremu zilizopakana zichangie kizimamoto cha unga, ndoo za mchanga na pipa la maji, zikae mahali ambapo kila mtu anafika bila kuomba ufunguo. Mteja anayeita fundi nyumbani aondoe pazia, godoro na mtungi wa gesi, akubali kulipa saa ya kulinda baada ya kazi, na asimpe kazi anayekuja na kandambili na waya uliofungwa kwa nailoni. Mafundi waliojifunzia kazini wahimizwe kupimwa ujuzi na kupata cheti, Tanzania kupitia VETA na Kenya kupitia NITA. Hawalazimiki kurudi darasani kuanzia mwanzo.

Mtu akipigwa na umeme asishikwe kwa mkono. Umeme ukatwe kwanza, na swichi isipofikika asukumwe kwa mti mkavu. Ikiwa hapumui, kifua chake kikandamizwe kwa nguvu katikati, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha hadi msaada ufike. Akizinduka apelekwe hospitali hata kama anasema yu mzima, kwa kuwa umeme huunguza ndani. Moto ukizuka, umeme hukatwa kabla ya maji kumwagwa. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji Tanzania hupatikana kwa namba 114, na Kenya namba za dharura ni 999 na 112. Namba hizo ziandikwe kwa rangi kwenye ukuta wa kila karakana, pamoja na jina la mtaa na alama ya barabara itakayomwongoza dereva wa gari la zimamoto, na njia ya kuingilia isizibwe na mageti yanayosubiri wateja.