Kuhama au Kuongeza? Kitenzi Kimoja na Anwani za Intaneti

Suala la kubadili anwani za intaneti huchukuliwa kuwa ni la wahandisi peke yao. Makala hii inadai kwamba ni suala la istilahi pia, na kwamba kitenzi kimoja kisichochaguliwa kwa uangalifu chaweza kuchelewesha uamuzi wa taasisi nzima. Kitenzi hicho ni 'kuhama'.

Yafaa kwanza kuueleza mfumo wenyewe. Neno 'itifaki', lenye asili ya Kiarabu, lina maana ya mapatano. Na itifaki ya intaneti ni mapatano hasa, kwani kompyuta mbili zisizofuata kanuni moja haziwezi kuwasiliana. Toleo la nne la itifaki hiyo, yaani IPv4, lilitolewa mwaka 1981. Anwani zake zina biti 32, hivyo jumla yake haiwezi kuzidi 4,294,967,296. Mwezi Februari 2011 akiba kuu ya dunia ilimalizika kugawiwa mashirika matano ya kanda. AFRINIC, shirika la kanda ya Afrika lenye makao yake Morisi, liliingia katika awamu ya mwisho ya kugawa masalio yake Januari 2020. Toleo la sita, IPv6, ambalo kanuni zake za awali zilichapishwa mwaka 1995, lina anwani za biti 128, idadi ambayo haitarajiwi kumalizika.

Uhaba huo umestahimiliwa kwa njia ambayo msomaji wa Afrika Mashariki ataitambua mara moja. Shule nzima hutumia Sanduku la Posta moja. Barua zote hufika hapo, kisha karani huzigawa. Ndivyo kompyuta nyingi za ofisi moja zinavyochangia anwani moja ya toleo la nne. Utaratibu huo wamtosha anayetaka kusoma yaliyoko kwingine. Lakini chuo kinachotaka maktaba na kanzidata zake zifikiwe moja kwa moja kutoka nje huhitaji anwani za hadhara, ambazo sasa ni adimu na huuzwa sokoni.

Hapa ndipo kitenzi chetu kinapopotosha. Katika Kiswahili, anayehama huacha alikotoka. Mkuu wa taasisi anayeombwa idhini ya 'kuhamia IPv6' ana haki ya kuuliza: je, mitambo yetu ya zamani itakuwaje? Kwa kuwa matoleo hayo mawili hayaelewani moja kwa moja, hofu yake ina msingi. Hata hivyo, njia iliyozoeleka haianzi kwa kuliacha toleo la zamani. Mtandao mmoja huendesha matoleo yote mawili kwa pamoja, na kompyuta hutumia lile ambalo mwenzake analielewa. Pale ambapo pande mbili hazina toleo la pamoja, mtambo wa kufasiri huwekwa katikati.

Historia ya Kiswahili chenyewe inatupa mfano. Herufi za Kilatini ziliposhika shule na ofisi za serikali, herufi za Kiarabu hazikutoweka pwani. Barua na tungo ziliendelea kuandikwa kwazo kwa miongo mingi. Aliyezijua zote mbili hakuwa amehama, alikuwa ameongeza.

Huenda ikadaiwa kwamba mazoea ndiyo yaamuayo istilahi, na kwamba wahandisi wenyewe wanaelewana. Hoja hiyo ina uzito baina ya wahandisi. Haina uzito baina ya mhandisi na mhasibu. Kwa hiyo tunapendekeza hatua tatu zitenganishwe kwa majina: 'kuongeza itifaki', yaani kuliingiza toleo la sita, 'uendeshaji sambamba', yaani kutumia matoleo yote mawili, na 'kuhama', neno libakizwe kwa hatua ya mwisho ya kulizima toleo la nne. BAKITA na idara za Kiswahili vyuoni hazina budi kulijadili jambo hili sasa, kabla miongozo haijaandikwa, kwani mwenye kuidhinisha fedha huidhinisha kile tu alichokielewa.