Wakikuambia "Kwantamu", Waulize Kiasi Gani

Wasee, kuna neno moja limegeuzwa mtego wa pesa: kwantamu.

Ile mashine mnaijua. Iko kwa kambi za matibabu, nje ya makanisa, hata kwa ploti. Unashika kichuma kama dakika moja, kompyuta inaonyesha picha za maini na figo, halafu karatasi inatoka: una sumu mwilini, kalisiamu iko chini, figo zimechoka. Hakuna damu imetolewa, hakuna mkojo. Ukiuliza imejuaje, unaambiwa, "Hii ni teknolojia ya kwantamu." Maswali yameisha, sasa nunua vidonge.

Neno lenyewe ni la Kilatini na maana yake ni ya kawaida kabisa: "kiasi gani". Mwaka 1900, Mjerumani Max Planck aliona kwamba hesabu za mwanga unaotoka kwa vitu vya moto zinakubali tu ukichukulia kuwa nishati hutoka kwa mafungu kamili. Fikiria ngazi: unasimama ya tatu au ya nne, hakuna ya tatu na nusu. Fungu moja kama hilo ndilo kwantamu. Mwaka 1905 Albert Einstein akasema hata mwanga wenyewe huja kwa mafungu. Na ni madogo ajabu, kwa hivyo yule mhamasishaji anayekuahidi "mruko wa kwantamu" maishani anakuahidi kahatua kadogo sana! Mawakili wetu ndio wako karibu na Kilatini: kortini, kwantamu ni kiasi cha fidia utakacholipwa.

Sayansi yenyewe si feki. Chipu za simu unayoshika zimetengenezwa na watu wanaoielewa. Ujanja uko hapo: wanachukua heshima ya sayansi ya kweli, wanaibandika kwa kichuma.

"Lakini iliambia mathe ana shida ya mgongo!" Buda, mama amebeba mitungi ya maji miaka thelathini. Hata makanga angebahatisha hiyo.

Na hatupotezi pesa tu. Mama mmoja mtaani kwetu aliacha dawa za presha kwa sababu karatasi ilisema moyo uko sawa. Hiyo ndiyo inaniuma.

Mimi chuo niliacha, na najua neno kubwa hutupwa hivyo ndio mtu kama mimi anyamaze. Usinyamaze. Kipimo cha sukari huchukua tone la damu na kukupa namba, na maabara nyingine inaweza kuihakikisha. Kwa hivyo mwenye kichuma akisema kwantamu, mrudishie kwa Kiswahili: kiasi gani? Cha nini? Umepimaje? Nikienda hospitali nitapata namba hiyo hiyo?

Akianza kuzunguka, mrudishie kichuma chake. Mathe mpeleke akapimwe presha na mtu anayeweza kujibu.