Goti limevimba? Omba maji yake yapimwe, si damu pekee

Kidole gumba cha mguu kikiwaka moto usiku hadi shuka likawa mzigo, au goti likivimba ghafla, jirani atakwambia una gauti. Utapimwa damu, asidi ya yuriki itaonekana imepanda, na kuanzia siku hiyo nyama choma utaisikia kwa harufu tu. Maoni yangu ni kwamba hukumu hiyo mara nyingi hutolewa mapema mno.

Asidi ya yuriki inaweza kuwa juu kwa mtu ambaye hatapata gauti maisha yake yote. Inaweza pia kuonekana ya kawaida siku ileile ambayo gauti imembana mgonjwa. Kipimo kinachomaliza ubishi ni kingine. Daktari huvuta kwa sindano safi majimaji yaliyojaa kwenye kiungo, kisha tone moja hutazamwa kwa hadubini yenye mwanga uliochujwa, ambao wataalamu huuita mwanga wa polaraizi. Daniel McCarty na Joseph Hollander wa Marekani waliieleza njia hii mwaka 1961, na hadi leo ndiyo inayotegemewa.

Inafanyaje kazi? Mwanga wa kawaida hutikisika kila upande. Ukipita kwenye karatasi maalumu ya plastiki, unabaki wa upande mmoja. Ukiweka karatasi ya pili kwa kuikingamisha na ya kwanza, giza linaingia. Katika giza hilo fuwele za gauti, zilizo kama chembe za chumvi lakini zenye umbo la sindano, hung'aa.

Wengi hudhani kifaa hicho ni cha hospitali kubwa tu. Si lazima. Hadubini ya kupimia malaria na kifua kikuu iliyopo kwenye kituo chako inaweza kuongezewa uwezo huo. Vinahitajika vipande viwili vya karatasi hiyo, aina inayotumika pia kwenye baadhi ya miwani ya jua. Kimoja hukaa juu ya taa, chini ya sampuli. Kingine hukaa juu ya sampuli, kabla mwanga haujafika kwenye jicho. Mtaalamu hukizungusha kimoja hadi giza litimie. Wapo wataalamu waliobandika selotepu angavu kwenye kipande cha kioo na kukiweka katikati. Rangi za njano na buluu zinazotokea huwasaidia kutofautisha fuwele za gauti na zile za madini ya kalisi, ambazo huwasumbua zaidi wazee. Gharama ya vitu hivi ni ndogo mno ukilinganisha na bei ya hadubini yenyewe.

Wapo watakaosema kuungaunga vifaa vya maabara ni hatari. Hoja yao ina uzito, kwani vumbi na unga wa glavu navyo hung'aa. Ndiyo maana kifaa lazima kijaribiwe kwanza kwa sampuli inayojulikana kuwa ya gauti, na mtazamaji awe amefundishwa. Lakini kutibu kwa kubahatisha kuna hatari kubwa zaidi, maana mgonjwa anaweza kumeza dawa za gauti kwa miaka bila kuwa nayo, huku ugonjwa wake halisi ukiendelea kumla kiungo.

Mzazi, hili linakuhusu pia. Gauti kwa watoto ni nadra sana. Mtoto mwenye homa, kiungo kilichovimba na anayekataa kukanyaga huenda ana bakteria ndani ya kiungo, nao wanaweza kukiharibu kwa siku chache. Usimpeleke kuchuliwa. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Kwake, majimaji ya kiungo yanatakiwa yatazamwe na kuoteshwa ili bakteria waonekane. Hata kwa mtu mzima, fuwele kuonekana hakuondoi uwezekano wa bakteria kuwapo pamoja nazo.

Kwa hiyo, ukifika kwa daktari uliza: "Je, majimaji ya kiungo changu yanaweza kupimwa?" Mweleze kama uliwahi kuchomwa sindano kwenye kiungo hicho, kwa sababu baadhi ya dawa huacha fuwele zinazong'aa na kumchanganya mpimaji. Mwambie pia kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Na kama una mwakilishi kwenye kamati ya kituo chako cha afya, mpelekee hoja hii. Tumezoea kusubiri mashine mpya wakati iliyopo mezani imepungukiwa vipande viwili vya plastiki na mtu wa kufundishwa kuvitumia. Hilo liko ndani ya uwezo wa kituo chako, na mgonjwa ana haki ya kulidai.