Mtu-Buibui na Kanuni za Bembea

Aghalabu walimu huuona mchezo wa video kuwa ni upotezaji wa wakati, na hukumu hiyo si ya kubezwa. Michezo inayotungwa kufuata filamu za mashujaa ndiyo hasa inayoistahili, kwani mingi hutengenezwa kwa pupa ili ifike madukani pamoja na filamu yenyewe. Hata hivyo upo mmoja unaofaa kutazamwa kwa jicho la sayansi, nao ni Spider-Man 2, uliotengenezwa na kampuni ya Treyarch ya Marekani mwaka 2004 kufuata filamu ya Sam Raimi yenye jina hilo hilo. (Toleo la kompyuta za mezani lilikuwa mchezo mwingine kabisa, nalo lilikuwa dhaifu.)

Katika mchezo uliotangulia, wa mwaka 2002, shujaa alirusha uzi wake juu nao ukanata hewani, kana kwamba mbingu ina dari. Katika ule wa 2004 uzi ulilazimika kunata kwenye kitu kinachoonekana, kama vile ukuta wa jengo la Manhattan. Pasipo cha kunata, hapana bembea. Ajabu ni kwamba wachezaji waliupenda zaidi mchezo huu uliowapunguzia uhuru. Mwili wa binadamu hujua bembea ilivyo tangu utotoni, na hutambua mara moja inapodanganywa.

Mtu anayeyumba kwenye uzi ni pendulamu. Akijiachia uzi wa mita 20 ukiwa mlalo, nishati tuli yake hugeuka kuwa nishati mwendo, na afikapo chini mwendokasi wake huwa karibu mita 20 kwa sekunde, yaani kilometa 71 kwa saa. Hapo mnene na mwembamba ni sawa. Mkono wake, lakini, una habari nyingine. Pale chini kabisa uzi hauna budi kuubeba uzito wake na wakati huo huo kumpinda katika njia ya duara, na jumla ya mvutano ni mara 3 ya uzito wake. Mtu wa kilo 70 huvutwa kwa kani ya nyutoni 2,060 hivi, sawa na kuning'inia kwa mkono mmoja huku amebeba wenzake wawili mgongoni. Mtu-Buibui hufanya hivyo mchana kutwa bila kulalamikia bega.

Tena, pendulamu haipandi juu kuliko ilipoanzia isipoongezewa nishati. Mchezoni, mwendokasi hununuliwa kwa alama ambazo mchezaji amezipata kwa kuokoa raia. Nishati hiyo hutoka wapi? Kijana asiyeuliza swali hilo atadhani kwamba skrini ikisema kweli katika jambo moja husema kweli katika yote, na huo ni ujinga mbaya kuliko wa yule asiyecheza kamwe.

Profesa James Kakalios wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliitumia njia bora zaidi. Katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu fizikia ya mashujaa alichambua hadithi ya picha ya mwaka 1973, ambamo Gwen Stacy anaanguka kutoka darajani, ananaswa na uzi wa Mtu-Buibui, na kufa. Kilichomuua ni kusimamishwa kwa ghafla.

Kwa hiyo kuupiga marufuku mchezo huu ni kupoteza chombo cha kufundishia, na kuusifu bila kuupima ni vibaya zaidi. Mwanafunzi na ashike saa. Orofa moja ni mita 3 hivi. Uzi unaoshuka orofa saba ni karibu mita 20, na pendulamu ya urefu huo duniani huchukua sekunde 9 kwenda na kurudi, au zaidi kidogo ikiyumba kwa upana. Watunzi wa michezo mara nyingi huongeza mvuto ili mambo yasionekane ya polepole. Akipata sekunde 6, basi mchapuko wa mvuto katika Manhattan hiyo ni kama mita 22 kwa sekunde mraba, zaidi ya mara mbili ya ule wa dunia, na mkono wa shujaa una mzigo mkubwa kuliko ulivyokadiriwa hapo juu.